Tunza Mkono Unaochora

Somo la kujiendeleza: Afya na Kazi

Kabla ya kusoma

Ndugu msomaji, kabla hujaanza somo hili, jiulize maswali haya matatu:

1. Je, mkono wako umewahi kufa ganzi usiku?
2. Je, ukiandika kidogo tu, vidole vyako huchoka?
3. Ukiumwa mkono kwa sababu ya kazi, huwa unafanya nini?

Sasa soma polepole. Ukikutana na neno gumu, tazama mwisho wa somo.

1. Wachoraji ni nani?

Tukisikia neno "mchoraji", wengi wetu humfikiria mtu wa kuchora picha za kuuza. Mtu huyo ni mchoraji kweli. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alichora wanyama na ndege juu ya mbao kwa rangi za mafuta. Alifariki mwaka 1972, lakini watu wengi wamefuata mtindo wake, nao wanapata riziki kwa kazi hiyo hadi leo.

Lakini hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika wako wachoraji wengine wengi. Yuko fundi anayeandika majina ya mitumbwi huko Kibirizi na Katonga. Yuko mama wa Ujiji anayewachora maharusi hina mikononi na miguuni. Yuko mshona kofia anayechora maua juu ya kitambaa kabla ya kutia sindano. Yuko kijana anayeandika vibao vya maduka.

Na wewe mwanakisomo ni mchoraji pia. Kila herufi unayoandika ni mchoro mdogo.

Watu wote hawa wana mtaji mmoja, nao ni mkono. Rangi ikiisha, hununuliwa nyingine. Brashi ikiharibika, hununuliwa nyingine. Mkono ukiharibika, haununuliwi dukani.

2. Fundi wa Kibirizi

Hadithi hii tumeitunga kwa ajili ya somo. Lakini mambo yaliyomo huwapata watu kweli.

Palikuwa na fundi Kibirizi. Kazi yake ilikuwa kupaka mitumbwi rangi na kuandika majina ubavuni. Herufi zake zilipendwa kwa sababu zilinyooka na kuonekana kutoka mbali.

Kazi ya fundi huyu ilifuata mwezi. Sababu yake wavuvi wanaijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani wavuvi walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu za jua. Usiku wa giza, dagaa huifuata taa. Wakati wa mbalamwezi, nuru imeenea ziwani kote, na taa haiwavuti sana. Basi wavuvi hupumzika siku kadhaa. Hushona nyavu, huziba nyufa za mitumbwi na kuipaka rangi.

Kwa hiyo, wakati wavuvi wanapumzika, fundi ndipo anapofanya kazi nyingi. Kila mwenye mtumbwi alitaka kazi yake imalizike kabla giza halijarudi.

Miezi kadhaa ilipita hivyo. Kila mbalamwezi, mkono wa kulia wa fundi ulikufa ganzi usiku. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilimchomachoma kama vimeingiwa na sindano. Aliamka, akaukung'uta mkono, akalala tena. Giza liliporudi na kazi kupungua, ganzi iliondoka. Naye akasahau.

Mwezi mmoja, watu sita walileta mitumbwi kwa pamoja. Wa kwanza alitaka jina hili: SUBIRA YAVUTA HERI. Fundi alihesabu herufi. Zilikuwa 16. Mtumbwi una mbavu mbili, kwa hiyo ni herufi 32. Majina ya mitumbwi mingine yalikuwa na urefu kama huo. Mitumbwi sita ilikuwa na herufi 192.

Fundi alisema, "Nitamaliza kwa siku mbili."

Alianza alfajiri. Alichuchumaa kwenye mchanga, kwa sababu ubavu wa mtumbwi ulikuwa chini. Alikunja kifundo cha mkono ili brashi ifike. Brashi yake ilikuwa ya zamani, imekauka na kuwa ngumu. Rangi ilikuwa nzito. Ili herufi zinyooke, alikaza vidole kwa nguvu zote. Hakupumzika mpaka adhuhuri. Alikula haraka, akaendelea mpaka jua lilipozama.

Siku ya pili, akiwa kwenye mtumbwi wa nne, vidole vilikosa nguvu. Brashi ilianguka. Rangi nyekundu ilimwagika ubavuni, juu ya rangi nyeupe iliyokuwa imekauka vizuri. Mwenye mtumbwi alikasirika. Wenye mitumbwi miwili iliyobaki waliposikia, walimtafuta fundi mwingine.

Usiku ule fundi hakulala. Jirani alimwambia, "Umerogwa. Kuna mtu anaionea wivu kazi yako." Mwingine alimshauri achanjwe kwa wembe. Wa tatu alimpa vidonge vya maumivu na kumwambia, "Meza viwili, kesho uendelee."

Mke wake alisema, "Baba, ugonjwa huu unakuja na mwezi na kuondoka na mwezi. Mchawi gani huyo anayefuata kalenda ya wavuvi? Twende zahanati."

3. Mazungumzo kwenye zahanati

Mhudumu wa zahanati alikuwa dada kijana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mkono wangu umekufa."

"Haujafa, baba. Hebu nionyeshe ganzi inashika vidole gani."

Fundi alionyesha kidole gumba, cha shahada, cha kati, na upande mmoja wa kidole cha pete.

"Na kidole cha mwisho?"

"Hicho ni kizima."

"Ganzi inazidi wakati gani?"

"Usiku. Na ninapofanya kazi muda mrefu."

"Unafanya kazi gani, baba?"

Fundi alieleza habari za mitumbwi, mbalamwezi na herufi. Mhudumu alimwambia akunje kifundo cha mkono na kukaa hivyo kidogo. Muda si mrefu ganzi ilianza kurudi.

"Umeona, baba? Mkono ukiwa umekunjwa, njia inabanwa. Hebu nikueleze kilichomo ndani."

4. Ndani ya kifundo cha mkono

Tazama kifundo cha mkono wako. Ndani yake mna mifupa midogo minane. Mifupa hiyo imejipanga kama shimo la mfereji. Juu ya mfereji huo kuna utepe mgumu. Mifupa chini na utepe juu hufanya njia nyembamba.

Ndani ya njia hiyo hupita kano tisa. Kano ni kama kamba. Misuli inayokunja vidole kwa nguvu haimo kwenye vidole. Imo kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Misuli ikivuta kano, vidole hukunjwa. Weka mkono wa kushoto juu ya kigasha cha kulia, kisha ukunje ngumi. Utaisikia misuli ikicheza.

Pamoja na kano hizo tisa hupita mshipa mmoja wa fahamu. Huo ndio unaokupa hisia katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete.

Wavuvi mtaelewa jambo hili upesi. Kamba ya wavu ikivutwa moja kwa moja, hudumu. Lakini kamba hiyo hiyo ikivutwa kila siku juu ya ukingo wa mtumbwi, itakuwaje? Itasuguliwa na kuchakaa pale inapopinda. Kano nazo ni hivyo. Kifundo kikinyooka, zinateleza vizuri. Kifundo kikipinda huku vidole vimekazwa, zinasuguana. Zikisuguliwa mno, sehemu hiyo inaweza kuvimba.

Sasa kumbuka kwamba njia ni nyembamba. Kikivimba kitu ndani yake, mshipa wa fahamu hubanwa. Hapo ndipo ganzi inapotokea. Usiku huzidi kwa sababu watu wengi hulala wamekunja mikono bila kujua.

Wengine hawapati ganzi. Wao huumwa upande wa kidole gumba, chini kidogo, karibu na kifundo. Huko nako hupita kano, nazo huumia kwa kubana na kugeuza mkono mara nyingi. Hali hiyo huwapata pia kina mama wanaobeba na kuinua watoto wachanga.

Si kila anayechora huumwa. Mwili hutofautiana. Wajawazito, watu wenye kisukari na watu wenye ugonjwa wa tezi ya shingo hupata ganzi hii kwa urahisi zaidi.

5. Maadui watatu wa mkono

Kuchora si kosa. Kosa ni jinsi tunavyochora. Mkono wa mchoraji una maadui watatu:

*Adui wa kwanza ni kukaza.* Tunashika brashi au kalamu kama tunashika mpini wa jembe. Jembe lina uzito, kalamu haina.

*Adui wa pili ni kupinda.* Tunakunja kifundo kwa sababu kazi iko chini mno, juu mno, au mbali mno.

*Adui wa tatu ni kutopumzika.* Tunarudia mwendo ule ule tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu ya haraka.

Habari hizi si mpya duniani. Palikuwa na daktari wa Italia aliyeitwa Bernardino Ramazzini. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa yanayoletwa na kazi. Katika toleo la mwaka 1713 aliongeza habari za makarani, watu walioandika kwa mkono kutwa nzima. Alisema wanaumia kwa mambo matatu: kukaa muda wote, kuupeleka mkono mwendo ule ule bila kikomo, na mzigo wa akili wa kuogopa kukosea. Alimtaja karani mmoja aliyeandika maisha yake yote mpaka mkono wa kulia ukapooza. Karani huyo akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Baadaye na wa kushoto ukaanza kuumwa.

Tunajifunza nini kwa karani huyo? Alibadili mkono, lakini hakubadili namna ya kufanya kazi. Ugonjwa ukamfuata kwenye mkono wa pili.

6. Fundi anabadili kazi yake

Mhudumu alimwambia fundi aupumzishe mkono kwa muda. Alimpa gango la kuvaa usiku ili kifundo kinyooke anapolala. Alimwonya asilifunge kwa kukaza. Alimwambia pia, "Vidonge vya maumivu vina kazi yake, baba. Lakini usivimeze ili upate kuendelea kuchora. Maumivu ni mlinzi anayepiga kelele. Ukimziba mdomo, mwizi haondoki."

Fundi alimchukua kijana wa jirani awe mwanafunzi wake. Mwezi ule mapato yake yalipungua, kwa sababu aligawana na kijana. Nyumbani walibana matumizi. Lakini mkono ulipopata nafuu, alirudi kazini kwa utaratibu mpya. Huu hapa utaratibu wake:

1. *Huinua kazi.* Mtumbwi mdogo huwekwa juu ya magogo ili ubavu ufike usawa wa kifua chake. Mtumbwi mkubwa hauinuliki, kwa hiyo yeye huketi kwenye kigoda. Hachuchumai tena.

2. *Hupanga kwanza, hupaka baadaye.* Hupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki. Huchora herufi zote kwa chaki. Kosa la chaki hufutwa kwa kitambaa. Kwa hiyo haogopi, na mkono haukazwi kwa hofu.

3. *Hulainisha vifaa.* Husafisha brashi kila jioni ili isikauke. Rangi ikiwa nzito, huongeza mafuta ya taa kidogo. Anapofanya hivyo hukaa mbali na moto na sigara. Rangi laini haihitaji kusukumwa.

4. *Hunenepesha mpini.* Amezungushia mpini wa brashi kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mpini mnene hushikwa bila kubanwa sana.

5. *Hutumia fimbo ya kuegemea.* Ni fimbo nyembamba, yenye urefu kama wa mkono. Nchani amefunga mpira wa matambara. Mkono wa kushoto hushika fimbo, na nchi yenye matambara hugusa ubavu wa mtumbwi mahali pasipo na rangi mbichi. Mkono wa kulia huegemea juu ya fimbo. Mafundi wa vibao wa nchi nyingi huitumia. Mkono hautetemeki, wala vidole havihitaji kukazwa.

6. *Huchora kwa mkono wote.* Mstari mrefu huuvuta kwa bega na kiwiko. Vidole huviachia mistari midogo tu. Bega lina misuli mikubwa, halichoki upesi kama vidole.

7. *Hupumzika kabla ya kuchoka.* Hapimi kwa saa. Kila amalizapo herufi mbili, hushusha mkono na kuulegeza. Kila amalizapo neno, husimama na kutembea kidogo. Kijana naye hujaza rangi ndani ya herufi, kisha hubadilishana.

Jambo la nane ni hesabu. Tuifanye pamoja.

Herufi 192 kwa siku 2 ni herufi 96 kwa siku.
Herufi 192 kwa siku 6 ni herufi 32 kwa siku.
Watu wawili wakigawana, kila mmoja ana herufi 16 kwa siku.

Kazi ni ile ile. Mzigo wa kila siku kwa mkono mmoja umepungua mara sita.

Lakini je, wenye mitumbwi watakubali kusubiri? Fundi alizungumza nao mapema. Aliwaambia, "Leteni majina kabla ya mbalamwezi. Atakayewahi atamalizwa kwanza." Baadhi walikubali. Baadhi walikwenda kwingine. Sasa hupokea mitumbwi minne au mitano, wala hapokei sita tena.

Wakati mwingine uvuvi husimama muda mrefu zaidi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wetu wa Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nafasi kama hiyo ni nzuri kwa fundi na kwa mwenye mtumbwi. Kazi ikigawanywa katika wiki nyingi, hakuna anayekimbizana. Lakini wote wakingoja wiki ya mwisho, mkono wa fundi ndio utakaolipa.

Je, fundi amepona kabisa? Ganzi ya usiku imepungua sana. Siku anaposahau na kuharakisha, hurudi kumpigia hodi. Naye sasa akisikia hodi, huitikia. Huweka brashi chini.

7. Kwa wachoraji wa hina na kofia

Dada na mama zetu wanaochora hina huketi mkekani saa nyingi, hasa siku moja kabla ya arusi. Zingatieni haya:

- Uweke mkono wa bibi arusi juu ya mto, ili uwe karibu na macho yako. Usiufuate kwa kuinama.
- Geuza mkono wa bibi arusi, usipinde wako. Yeye ameketi tu, wewe unafanya kazi.
- Chekecha hina vizuri, kisha uikoroge iwe laini. Hina yenye chenga huziba tundu la kifuko, nawe utakamua kwa nguvu.
- Wakiwa wengi, wagawaneni. Mmoja achore mikono, mwingine achore miguu.
- Chora kwenye mwanga wa kutosha. Giza hukufanya uiname na kukaza.

Mshona kofia naye aweke kitambaa juu ya ubao, si juu ya goti tupu. Akichora ua moja, anyooshe vidole kabla ya kuanza la pili.

8. Kwa wanakisomo

Sasa tuje darasani kwetu. Mkono uliozoea jembe na kafi huiona kalamu kuwa kitu kidogo kinachotaka kuponyoka. Basi huibana. Baada ya mistari mitatu vidole huuma, na mtu husema, "Mimi ni mzee, kuandika kumenishinda." Sivyo, ndugu. Pengine hakukukushinda. Umebana kalamu tu.

Fanya jaribio hili na mwenzako. Andika jina lako. Unapoandika, mwenzako avute kalamu kwa juu taratibu. Ikitoka kwa urahisi, unashika vizuri. Ikikataa kutoka, unakaza mno.

Tazama pia upande wa pili wa karatasi. Ukipapasa na kuona matuta, unakandamiza mno.

Fanya hivi:

- Zungushia kalamu kitambaa au mpira mwembamba ili inenepe.
- Tumia kalamu inayoteleza. Kalamu isiyotoa wino usishindane nayo.
- Keti wima, miguu ikanyage chini. Kama hakuna meza, weka ubao mapajani na uandike juu yake.
- Lalia daftari kwa kigasha, ili mkono wote uegemee.
- Geuza daftari kidogo mpaka kifundo kinyooke.
- Anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe aandike kwa mkono wake. Asilazimishwe.
- Andika mistari michache, weka kalamu chini, kisha endelea.

9. Mazoezi ya mkono

Mazoezi haya huchukua muda mfupi. Yafanye kabla ya kazi na katikati ya kazi. Yafanye taratibu. Ukisikia maumivu, acha.

*Zoezi la 1.* Kunja ngumi bila kukaza. Kisha fungua na utawanye vidole. Rudia mara 5.

*Zoezi la 2.* Gusisha kidole gumba na kila kidole, kimoja baada ya kingine. Nenda na kurudi mara 3.

*Zoezi la 3.* Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini. Kwa mkono wa pili, vuta vidole polepole kuelekea chini. Hesabu 1 mpaka 15. Kisha geuza kiganja kitazame juu, vuta vidole kuelekea chini, uhesabu tena. Badili mkono.

*Zoezi la 4.* Zungusha mabega mara 5 kwa nyuma. Shusha mikono, uilegeze.

10. Uende zahanati lini?

Usingoje brashi ianguke. Nenda zahanati au kituo cha afya ukiona dalili hizi:

- Ganzi inakuamsha usiku mara kwa mara.
- Ganzi haiondoki hata baada ya kupumzika siku kadhaa.
- Unaangusha vikombe, au huwezi kufunga vifungo vya shati.
- Nyama iliyo chini ya kidole gumba imesinyaa.
- Kifundo kimevimba, ni chekundu na cha moto, au una homa.

Mhudumu akiona inafaa, atakuandikia uende hospitali, kwa mfano Hospitali ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Kwa wengi, kupumzisha mkono na kuvaa gango hutosha. Wengine huhitaji sindano, na wengine upasuaji mdogo wa kuupanua mfereji. Anayewahi hupona kwa urahisi zaidi. Mshipa uliobanwa muda mrefu huweza kubaki na kasoro.

Jambo moja ni la haraka sana. Mtu akifa ganzi au kuishiwa nguvu ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, hiyo si shida ya kuchora. Huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Usichanjwe kwa wembe. Usikandwe kwa nguvu mahali panapouma. Usimshuku jirani yako kwa uchawi kabla hujaitazama kazi yako.

11. Mwisho wa somo

Mwaka 1973 wazazi wetu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatenda. Walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Nasi tufanye hivyo hivyo kwa somo hili. Tusiishie kusoma.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ganzi ya usiku ni ufa. Uzibe leo, kwa kulegeza vidole, kunyoosha kifundo na kupumzika mapema.

Maneno magumu

*gango:* kitu cha kushikilia kiungo kisipinde
*ganzi:* hali ya kutosikia kitu mwilini
*kano:* kamba ya mwilini inayounganisha msuli na mfupa
*kigasha:* sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo
*mbalamwezi:* mwanga wa mwezi. Wakati mwezi ni mkubwa
*mshipa wa fahamu:* uzi wa mwilini unaopeleka hisia na kuamrisha misuli

Maswali

1. Kwa nini fundi alikuwa na kazi nyingi wakati wa mbalamwezi?
2. Taja maadui watatu wa mkono wa mchoraji.
3. Kwa nini ganzi huzidi usiku?
4. Karani aliyetajwa na daktari Ramazzini alikosea wapi?
5. Hesabu: Mtumbwi unaitwa BAHATI NJEMA. Utaandikwa mbavu zote mbili. Fundi ataandika herufi ngapi? Akiandika herufi 11 kila siku, atamaliza kwa siku ngapi?

Mjadala wa kikundi

Mke wa fundi, mhudumu, kijana na wenye mitumbwi: nani alimsaidia fundi zaidi? Wenye mitumbwi wangefanya nini ili mkono wa fundi usiumie?

Kazi ya kufanya

Kila mmoja achague kazi yake ya mikono: kuchora, kushona, kusuka ukili, kukamua mawese au kuvuta nyavu. Aonyeshe mbele ya wenzake anavyoshika na anavyokaa. Kikundi kitafute mahali anapokaza, anapopinda na anaposahau kupumzika. Kisha aandike sentensi tatu katika daftari lake: "Nilikuwa nafanya hivi. Sasa nitafanya hivi. Nitaanza siku ya..."

Wiki ijayo kila mmoja asome alichoandika, na aeleze kama ametimiza.